Shilingi ya Kule kwa Shilingi ya Huku

Sijawahi kumpenda baba mdogo, na kwa kuwa sasa amekufa watu hutaka nimseme kwa upole. Nitashindwa. Alikuwa mdogo wa baba yangu, tumbo moja, karani wa reli mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu Makongeni, firigisi ilikuwa yake. Kwetu Wasamia firigisi huliwa na mwanamume mwenye boma, na mwanamke hata kuionja haruhusiwi. Baba alipokuwa hai aliila yeye. Alipokufa, mama akawa anaiweka kwenye kisahani, anafunika na bakuli, na firigisi inamngojea baba mdogo hata kama atakuja kesho. Mimi nilikuwa nikikitazama kile kisahani kwa chuki ambayo sikujua mtu anaweza kuwa nayo kwa kipande cha nyama.

Nyumba zile za reli zilikuwa za mfanyakazi, si za watu wake. Mfanyakazi akifa, watu wake wanafunga virago. Baba mdogo alikwenda ofisini akaiandikisha nyumba yetu kwa jina lake, kisha akatuacha tukae. Kwa hiyo aliingia bila kubisha hodi. Alikalia kiti cha baba, akauliza kwa nini taa imewashwa mapema na kwa nini sukari inakwisha upesi, kana kwamba sukari yenyewe alikuwa ameinunua yeye. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nimepata kibarua katika kiwanda cha mashati ng'ambo ya reli. Kila mwisho wa mwezi alinyoosha mkono, nikampa sehemu kubwa ya mshahara wangu. Aliiita kodi.

Lakini hayo yote ni madogo. Nataka kusimulia habari ya shilingi.

Ndugu hao wawili walianza kazi upande wa Uganda, Tororo, zamani wakati reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Pesa nazo zilikuwa kama moja. Hata baada ya kila nchi kuchapisha noti zake, shilingi ya kule na ya huku zilikwenda moja kwa moja. Mama alikuwa akinunua chumvi Busia, pale mpakani, kwa noti yoyote iliyokuwa mkononi, na muuzaji hakuitazama mara mbili. Halafu kule mambo yakaharibika. Wafanyabiashara walifukuzwa, maduka yakabaki na rafu tupu, sabuni ikawa kitu cha kuuliziwa kichochoroni, na shilingi yao ikaanza kuporomoka. Ila iliporomoka mpakani na sokoni tu. Kwenye ubao wa benki ilisimama palepale, karibu moja kwa moja, kama saa mbovu ya kituo cha treni.

Baba alikuwa amehamishiwa Nairobi mapema, na Nairobi ndiko alikofia, kwa ugonjwa wa kifua, mdogo wake akiwa ameshahamia huku. Baba mdogo alibaki kule mpaka nchi zilipogawana reli na kila mmoja akaambiwa arudi kwao. Alirudi na akiba yake yote katika noti za kule. Mimi sikujua wakati huo kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani na mfuko uliojaa pesa akawa hana kitu. Yeye alijua, tena vizuri sana.

Malipo ya utumishi wa baba yalitoka muda mfupi baadaye, shilingi elfu tatu, za Kenya. Mama alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake, na baba mdogo ndiye karani, kwa hiyo alikwenda kuzichukua kwa niaba ya mjane. Alirudi jioni akaweka mezani burungutu lililofungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Mama alilifungua, akalitazama, akamtazama yeye.

"Shemeji, hizi si za kule?"

"Nimekubadilishia. Za huku zitakwisha kwa unga na makaa. Hizi zitakaa."

"Sasa nitazipeleka wapi?"

"Shilingi ni shilingi. Nenda benki usome kwenye ubao. Moja kwa moja. Elfu tatu nimechukua, elfu tatu nimekupa. Kule mambo yakitulia utanishukuru."

Kisha akaomba maji ya kunawa, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na kuku.

Haukupita muda tukasikia amenunua kiwanja upande wa Mowlem, na kwamba mawe ya msingi yameshamwagwa. Alitupeleka tukakione Jumapili moja baada ya kanisa. Kulikuwa na matope, na yeye alikuwa akiruka kutoka jiwe hadi jiwe akituonyesha mahali sebule itakapokuwa. Mama alisema ni pazuri. Mimi nilitamani ateleze.

Mama hakuwa mjinga, msidhani. Alinichukua tukaenda benki mjini, yeye amevaa gauni lake la kanisani. Ubao ulikuwepo, na bei ilikuwepo, karibu moja kwa moja kama alivyosema baba mdogo. Karani wa dirishani hata hakuzigusa noti zetu.

"Hiyo ni bei tu, mama. Pesa yenyewe hatununui."

"Sasa bei ni ya nini kama hamnunui?" nilimuuliza, na sauti yangu ilipaa, mpaka bawabu akatusogelea. Mama alinivuta kwa kiwiko tukatoka. Tulitembea hadi kituo cha mabasi ya Busia, ambako wanawake wa biashara walikuwa wakikalia mizigo yao wakingoja safari. Mmoja wao, mnene, mwenye kibeti kilichofungwa kiunoni, alizipepeta noti kwa kidole gumba akasema tano za kule kwa moja ya huku, na hapo ametuhurumia.

Tano kwa moja. Baba yangu alipumua moshi wa injini maisha yake yote, na mdogo wake akamgawa kwa tano.

Mama alizirudisha zile noti ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akausukuma mkebe chini ya kitanda. Nilimwambia amkabili shemeji yake. Nilimwambia nitamkabili mimi. Akaniuliza swali moja tu, "Tutalala wapi?" Jina lililoandikwa ofisini lilikuwa la yule bwana. Kuku aliyefuata, firigisi ilikwenda kwenye kisahani kama kawaida. Siku hiyo nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia baba mdogo.

Njia ya kutokea ilikuja kwa umbo la mwalimu wa hesabu. Alikuwa Msamia kama sisi, lakini wa ng'ambo ya mto Sio, amekimbia kwao kama walimu wengi wa wakati ule, akawa anafundisha katika shule ya harambee, ya kujengwa kwa michango. Alipanga chumba Makadara. Tulipendana, na habari za mapenzi si za hapa. Lililo la hapa ni kwamba tulikuwa tumepatana hivi: mahari ikishapokewa, mshahara wangu hautakuwa tena wa baba mdogo kunyoosha mkono, na kwa pesa hiyo tutampangia mama chumba chake. Hangeweza kukaa kwetu, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Lakini angetoka chini ya jina la yule mtu. Kwa hiyo harusi yangu ndiyo ilikuwa mlango, na ufunguo wa mlango huo, kwa mila zetu, uko mfukoni mwa baba mdogo. Nani mwingine angepokea mahari yangu?

Walikuja Jumapili mchana. Msemaji wao alikuwa ndugu mkubwa wa baba yake mwalimu, mzee mrefu mwenye koti la enzi ya Mwingereza, aliyekuwa amevuka mpaka na wenzake wawili. Alinukia majivuno. Aliitazama nyumba yetu ya chumba kimoja chenye pazia katikati, akauliza kama hapa ndipo. Upande wetu alikuwapo baba mdogo, na pembeni yake mzee mmoja wa ukoo aliyestaafu udereva wa treni, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha mazungumzo yote ya namna hii katika mtaa. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia, kuku wawili wakichemka kwenye jiko la makaa pale chini. Mwalimu mwenyewe hakuruhusiwa ndani. Alikuwa akizungukazunguka karibu na mabomba ya maji, na vijana wa mtaa walikuwa wakimchokoza.

"Niaje, mwalimu! Leo uko na doo ama uko na stori?"

Doo kwao ni pesa. Nilimwona kupitia dirishani akitabasamu kwa upole, nikakasirika naye pia.

Ng'ombe hawakuleta taabu. Dereva alimwaga vijiti vya kiberiti mezani, kila kijiti ng'ombe, na wazee wakavisukuma huku na huku mpaka pande zote zikaridhika. Ng'ombe anavuka mto Sio kwa miguu yake mwenyewe, na akifika ng'ambo ni ng'ombe yuleyule. Vijiti vilivyokubaliwa vilibaki katikati ya meza. Hivyo ndivyo ilivyo desturi: vikiwa mezani, maneno yako hai, vikirudi kwenye kiberiti, kila mtu anakwenda kwake.

Kisha wakafika kwenye pesa taslimu. Baba mdogo alisema elfu tatu. Msemaji wao hakubishana hata kidogo. Alifungua koti, akatoa furushi la kitambaa, akaweka elfu tatu mezani. Nilimshika mama mkono. Nilidhani yamekwisha.

Baba mdogo alicheka. Nilikifahamu kicheko hicho, ni kile alichokuwa akicheka mtu akimwomba nauli.

"Hizi ni nini?"

"Ni shilingi," alisema msemaji.

"Za kule."

"Ndiyo, za kwetu. Sisi tunatoka kule, tungeleta za Wachina? Benki ya kwetu na ya kwenu zote zinasema moja kwa moja."

"Benki haiozi binti. Bei inajulikana, ni ya mpakani. Tano kwa moja. Ongeza mpaka ifike elfu kumi na tano, ama uchukue karatasi zako ukafungie njugu."

Halafu yule mzee mrefu akasema polepole, "Wewe ulikaa Tororo miaka. Karatasi hizi zilikulisha, zikakuvisha, zikakununulia hizo kalamu. Wakati huo uliziita karatasi?"

"Usinifundishe adabu nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako? Nimesikia hii ni nyumba ya marehemu."

"Toka!"

"Natoka. Hata binti mwenyewe sijui kama angestahili."

Hilo nalo nalikumbuka, na mzee huyo wa ukweni nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba nalikumbuka. Lakini alishaanza kuokota vijiti. Aliviokota taratibu, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye kiberiti, na kila kijiti kilipoingia nilikuwa nikimwona mama amebaki katika chumba kile na kisahani chake mpaka kufa. Dereva aliomba watulie. Hakuna aliyetulia. Nilitaka kutoka nyuma ya pazia niwatukane wote wawili, na nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

Mama alinisukuma nikaketi. Aliinama, akatoa mkebe chini ya kitanda, akajifunga leso kichwani, akapita mbele ya pazia. Wanaume walimkodolea macho, si kwa heshima bali kwa mshangao. Mama wa binti haingii pale. Hata mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilishtuka.

Aliweka burungutu mezani, likiwa bado na mpira wake wa tyubu.

"Shemeji, hizi unazijua?"

Baba mdogo aligeuka rangi. "Rudi nyuma, shemeji. Mambo ya nyumbani hayaletwi mbele ya wageni."

"Yameshaletwa," alisema dereva. "Ni pesa gani hizo?"

"Ni malipo ya marehemu," mama alisema. "Elfu tatu. Zilitoka za Kenya, yeye akanipa hizi. Aliniambia ni moja kwa moja."

Dereva alimgeukia baba mdogo. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini alikuwa ameendesha treni usiku na mchana na baba yangu akiwa pembeni yake akichochea moto, na sote tulilijua hilo. "Ni kweli? Ulimpa mjane kwa bei gani?"

Baba mdogo aliangalia mlango, akaangalia dari, akaangalia kalamu zake. "Bei ya benki. Wakati huo."

"Wakati huo ni lini?" mama aliuliza. "Mwaka haujaisha. Nilikwenda kuuliza kwenye mabasi ya Busia wiki hiyohiyo. Ilikuwa tano kwa moja, kama hiyo unayowadai hawa."

Nilifungua pazia. Sikujali tena nani ananiona. Nilitaka kuuona uso wake, na niliuona, na nikafurahi kwa furaha chafu isiyofaa kuitwa ya Kikristo, ingawa tulikuwa tumetoka kanisani.

Mama hakuwa amemaliza. Alimgeukia msemaji wa wageni bila kumtazama usoni, kama inavyotakiwa.

"Baba, hizi nawauzia nyinyi. Elfu tatu za kwenu, kwa bei ya mpakani aliyoitaja shemeji. Nipeni mia sita za huku."

Yule mzee mrefu alikuwa bado na kijiti mkononi. Alimtazama mama, akatazama burungutu, na nilimwona anaelewa kidogo kidogo. Aliinuka akaenda dirishani, akamwita mwalimu. Wakanong'ona. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amepokea mshahara, na alikuwa nao mfukoni kwa ajili ya soda na nauli za wazee. Mkono wake ukapenya dirishani na noti za Kenya. Yule mzee akamkabidhi mama mia sita, akachukua lile burungutu lenye mpira, akalisukuma mezani mpaka likagusa vidole vya baba mdogo. Furushi lake mwenyewe akalirudisha ndani ya koti.

"Elfu tatu," alisema. "Kwa bei uliyompa mjane."

"Huu ni mchezo," alisema baba mdogo.

"Unaweza kukataa," alisema dereva. "Ukikataa, ina maana bei ni ya mpakani. Kama ni ya mpakani, ulimpa mjane mia sita ukabaki na elfu mbili na mia nne za watoto wa ndugu yako. Uziweke hapa mezani leo, na Jumapili ijayo nitawaeleza wenzetu wa ukoo zilikuwa wapi. Chagua."

Akamnyang'anya msemaji kiberiti, akavimwaga vijiti vyote upya katikati ya meza. Nje vijana walikuwa bado wanapiga kelele bombani. Baba mdogo alilitazama lile burungutu alilolifunga kwa mikono yake. Kwetu mahari ikipokewa hutamkwa neno moja, na likishatamkwa halirudi.

"Tumepokea," alisema.

Sijui alizifanyia nini noti zile. Miaka kadhaa baadaye redio ilitangaza kwamba kule wamebadilisha pesa, wamefuta sufuri mbili, na noti za zamani zina siku chache tu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu aliniuliza kinachonichekesha ni nini, ilhali mama yake ana akiba kule. Tulinuniana kutwa nzima, na nilistahili kununiwa, lakini sikuacha kucheka. Nyumba ya Mowlem ilisimama, ikapangishwa, watoto wake wanakula kodi yake hadi leo. Hilo halijanitoka rohoni na sitarajii linitoke.

Lakini siku ile chakula kilikuwa tayari. Nilileta maji nikawanawisha wazee, wageni kwanza, kisha dereva, kisha yeye. Nilileta ugali na kuku. Mama alikuja nyuma yangu na kile kisahani kilichofunikwa kwa bakuli. Baba mdogo alinyoosha mkono kwa mazoea, bila hata kutazama.

Mama alifunua bakuli.

"Shemeji," alisema, "nyumba yako tutakuachia mwisho wa mwezi. Hizi mia sita zitanipa chumba."

Kisha akaichukua firigisi kwa vidole, akiwa amesimama mbele ya wanaume wote, akaitia kinywani mwake. Firigisi ni ngumu, inataka kutafunwa sana, na sisi sote tulingoja mpaka akamaliza.